Njia ya Kuwa Ofisa wa Sitaha: Kutoka Kadeti hadi Cheti cha STCW

Cheti cha ofisa wa sitaha, yaani yule anayeongoza meli chini ya nahodha, hakitolewi na chuo. Chuo kinakupa elimu, kinakuandaa kwa mtihani, kinakupa vyeti vya kozi. Cheti chenyewe cha umahiri, kile ambacho mabaharia wanakiita CoC, kinatolewa na mamlaka ya bahari ya nchi. Tanzania Bara ni TASAC, na Kenya ni KMA. Zanzibar nayo ina ZMA, inayosimamia usafiri wa baharini upande wake. Kabla ya kukupa cheti, mamlaka inataka kujiridhisha juu ya mambo manne: afya yako, mafunzo uliyopata, muda uliokaa baharini, na kwamba umefaulu mtihani.

Katika hayo manne, linalowakwamisha vijana wetu wengi ni la tatu. Wapo waliomaliza chuo na hawakupata meli. Wapo waliopata meli, wakasafiri, wakafanya kazi kweli, lakini wakarudi na karatasi zisizothibitisha chochote. Kwa hiyo mwongozo huu utapita haraka kwenye mambo ambayo chuo kitakueleza chenyewe, na utakaa zaidi pale ambapo watu hupoteza miaka yao.

Msingi wa yote ni mkataba wa STCW, unaoweka viwango vya mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia, uliopitishwa na Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) mwaka 1978, ukafumuliwa upya mwaka 1995, kisha ukafanyiwa marekebisho makubwa Manila mwaka 2010. Viwango utakavyovisoma hapa ni vya chini kabisa. Nchi inaweza kuongeza sharti, lakini haiwezi kupunguza.

Jua kwanza unataka cheti gani

Mkataba unazigawa meli kwa GT, yaani kipimo cha ukubwa wa nafasi ya ndani ya meli. Usichanganye na tani za mzigo inazobeba.

Njia kuu ni ya ofisa wa zamu, anayeshika uongozi wa meli kwa saa zake, kwenye meli za GT 500 na kuendelea, bila mpaka wa safari. Iko kwenye Kanuni ya II/1 ya mkataba, na ndiyo inayokufungulia milango ya meli za kontena, za mafuta, za magari, popote duniani. Juu yake kuna chifu ofisa, msaidizi mkuu wa nahodha, na nahodha mwenyewe, Kanuni ya II/2, ambako mpaka mwingine ni GT 3,000. Pembeni kuna Kanuni ya II/3 kwa meli zilizo chini ya GT 500, ambamo zimo safari za karibu na pwani. Cheti cha namna hiyo kinatosha kwa kazi ya mwambao, lakini usidhani utakwenda nacho Singapore.

Hapa kuna jambo linalowauma watu wazima waliozaliwa na bahari. Mkataba unaweka nje meli za kivita, vyombo vya uvuvi, mashua za starehe zisizofanya biashara, na meli za mbao za ujenzi wa kienyeji. Mtu aliyeshika usukani wa jahazi kutoka Lamu hadi Kilwa kwa miaka ishirini anaijua bahari kuliko kadeti (ofisa mwanafunzi) yeyote, lakini jahazi lake halimo ndani ya mkataba. Vivyo hivyo kwa maziwa. Meli inayofanya safari zake ndani ya Ziwa Victoria peke yake, iwe ya Mwanza, Kisumu au Port Bell, si meli ya baharini kwa tafsiri ya mkataba, na muda wako humo si utumishi wa baharini. Ukitaka njia ya II/1, panga tangu mapema jinsi ya kupata meli ya maji ya chumvi, yaani ya baharini.

Macho kwanza, ada baadaye

Kabla hujalipa shilingi ya ada, nenda kwa daktari anayetambuliwa na mamlaka ya bahari akupime macho. Fanya hivyo hata kama unaona vizuri kabisa na hujawahi kuvaa miwani.

Kinachoangusha watu ni rangi. Ofisa wa sitaha lazima atofautishe nyekundu, kijani na nyeupe, kwa sababu usiku hizo ndizo zinazokwambia meli ya mbele yako inaelekea wapi. Mwenye upungufu wa kuona rangi mara nyingi hajui kama anao. Ameishi nao tangu kuzaliwa, na embe bivu analijua kwa kulibonyeza. Anakuja kugundua mbele ya kitabu cha Ishihara, kile chenye kurasa za madoa ya rangi na tarakimu zilizojificha ndani yake, wakati ameshamaliza mwaka mzima wa chuo. Miwani au lenzi za kusahihisha rangi hazikubaliki kwenye kipimo hicho. Upungufu wa rangi haumfungii mtu kazi zote za bandarini na za usafirishaji, ila darajani, yaani chumba cha juu ambamo meli inaongozwa, hatasimama. Ni afadhali kulijua hilo ukiwa bado una pesa yako mfukoni.

Uoni wa mbali unaotakiwa ni 0.5 kwa kila jicho, ambao vipimo vingine vinauandika 6/12, na hapo miwani inaruhusiwa. Ukiitegemea miwani, panda melini na jozi ya akiba. Daktari ataangalia pia masikio, shinikizo la damu, moyo na magonjwa mengine yanayoweza kukuangusha mahali ambapo hospitali iko mbali kwa siku kumi za safari.

Cheti cha afya kinadumu miaka 2 kwa kiwango cha juu, na mwaka 1 kwa aliye chini ya miaka 18. Kipimo cha rangi kinaweza kudumu hadi miaka 6.

Chuo, na kitabu ambacho hupaswi kukipoteza

Tanzania wengi hupitia Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI. Kenya kuna Bandari Maritime Academy ya Mombasa. Masomo ya sekondari yanayobeba kazi hii ni hisabati, fizikia na Kiingereza. Hisabati utaikuta kwenye unajimu wa baharini, yaani kujua mahali ulipo kwa jua na nyota, na kwenye mahesabu ya uthabiti wa meli. Kiingereza utakitumia kila dakika, kwa sababu redioni watu wa mataifa yote wanaelewana kwa misemo sanifu ya mawasiliano ya baharini iliyopitishwa na IMO mwaka 2001.

Unapochagua programu, uliza maswali matatu na usikubali jibu la juujuu. Je, programu hii imeidhinishwa na mamlaka ya bahari kwa ajili ya Kanuni ya II/1? Je, inajumuisha mafunzo ya melini yenye kitabu cha kumbukumbu za mafunzo kilichoidhinishwa? Je, nani mwenye jukumu la kutafuta meli ya kadeti, chuo au mimi?

Swali la pili lina uzito wa miaka miwili ya maisha yako. Mkataba unatoa njia mbili za kutimiza muda wa baharini. Ukiwa kwenye programu iliyoidhinishwa, yenye mafunzo ya melini yaliyorekodiwa kwenye kitabu hicho, unahitaji miezi isiyopungua 12. Bila programu hiyo unahitaji miezi isiyopungua 36. Katika njia zote mbili, miezi isiyopungua 6 lazima iwe ya zamu darajani, chini ya usimamizi wa nahodha au ofisa mwenye cheti.

Rudia kuisoma sentensi hiyo ya mwisho. Wapo mabaharia wa sitaha wenye zaidi ya miaka mitatu ya kupiga rangi, kufunga kamba na kuosha mahodhi, ambao maombi yao yamerudishwa kwa sababu hakuna karatasi inayosema walisimama zamu. Kama unapitia njia ya miezi 36 kutoka ubaharia wa kawaida, mwombe chifu ofisa mapema akupangie zamu za darajani, na uombe ziandikwe.

Umri wa chini wa kupata cheti cha ofisa wa zamu ni miaka 18.

Kozi za usalama

Hizi ni fupi na hazina mjadala. Kabla ya kupanda meli yoyote unahitaji mafunzo ya msingi: kujiokoa baharini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza ya awali, na usalama binafsi pamoja na wajibu wa kijamii. Tangu Januari 1, 2026, somo hilo la mwisho limeongezewa kuzuia na kukabili unyanyasaji melini, ukiwemo wa kijinsia. Ni nyongeza nzuri, na kadeti wa kike na wa kiume wote wanaihitaji, kwani kadeti ndiye mtu mnyonge kuliko wote ndani ya meli. Ongeza mafunzo ya ulinzi wa meli.

Kwa cheti cha ofisa utaongeza ustadi wa vyombo vya kuokolea na boti za uokoaji, kuzima moto kwa kiwango cha juu, huduma ya kwanza ya kitabibu, na cheti cha mwendeshaji wa redio za GMDSS, mfumo wa mawasiliano ya dharura na usalama baharini. Rada, ARPA (kifaa cha rada kinachofuatilia mwendo wa meli nyingine) na ECDIS (chati za kielektroniki), pamoja na uongozi na kazi ya pamoja darajani, kwa kawaida huingizwa ndani ya programu ya chuo. Meli za mafuta, kemikali na gesi zina kozi zake za ziada. Usizilipie kabla hujajua kama kweli unaelekea huko.

Kutafuta meli bila kuuzwa

Hapa ndipo vijana wanapoliwa pesa. Mtu anajitambulisha kuwa ni wakala, ana meli inakuja, anataka pesa ya "nafasi", baadaye ya "mkataba", kisha ya viza. Familia inauza kiwanja. Meli haiji.

Sheria iko upande wako, na ni vizuri uijue kwa jina. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, MLC, ambao Kenya na Tanzania zote zimeuridhia, unakataza kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama ambazo baharia anaweza kulipia mwenyewe ni cheti cha afya cha kitaifa, kitabu cha baharia, na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Kwa hiyo anayekudai pesa ya nafasi anavunja mkataba huo, hata kama ofisi yake ina kiyoyozi na picha za meli ukutani. Uliza mamlaka ya bahari kama wakala huyo amesajiliwa, na uulize kabla ya kutoa nakala ya pasipoti.

Ukipewa jina la meli, omba namba yake ya IMO. Ni tarakimu 7, na haibadiliki hata meli ikibadilisha jina, bendera au mmiliki. Kwa namba hiyo unaweza kutafuta meli ina ukubwa gani, ni ya aina gani na iko wapi leo. Kama meli ni ya GT 300 na wewe unataka muda wa II/1, umeokoa mwaka.

Karatasi za muda wa baharini

Muda wa baharini unathibitishwa kwa vitu vitatu vinavyosemezana: kitabu cha baharia chenye mhuri wa kupanda na kushuka, hati ya utumishi iliyosainiwa na nahodha, na kwa kadeti, kitabu cha kumbukumbu za mafunzo. Tarehe zikipishana kati ya hivyo vitatu, mamlaka itauliza, na wewe utakuwa Dar wakati nahodha aliyesaini yuko Manila na ameshahama kampuni.

Hati ya utumishi ya nahodha isikose haya:

- jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, na namba ya kitabu cha baharia
- jina la meli, bendera, namba ya IMO, aina ya meli na GT
- cheo ulichotumikia, mfano kadeti wa sitaha
- tarehe ya kupanda na ya kushuka
- eneo la safari
- sentensi ya wazi kwamba ulisimama zamu darajani chini ya ofisa mwenye cheti, kuanzia tarehe fulani hadi fulani
- jina, saini na namba ya cheti cha nahodha, pamoja na mhuri wa meli

Hati hiyo idai kabla hujashuka. Siku ya kushuka kuna haraka: wakala anangoja gatini, gari la kwenda uwanja wa ndege liko tayari, nahodha ana wakaguzi wa bandari. Ukiahidiwa kutumiwa kwa barua pepe, utaisubiri mpaka uchoke. Iandae mwenyewe wiki moja kabla, mpelekee chifu aihakiki, kisha nahodha asaini kwa utulivu. Piga picha kila ukurasa na uuhifadhi mahali pawili nje ya simu yako.

Hesabu siku, usihesabu mkataba wa kazi. Mkataba unaweza kusema miezi 9, lakini ukipanda kwa kuchelewa na kushuka mapema ukabaki na miezi 7 na siku 20, hicho ndicho ulichonacho. Siku za likizo nyumbani hazimo.

Usikubali kamwe kuongezewa siku za uongo. Kuna watu wanaouza hati zenye mihuri. Kila nchi mwanachama inatakiwa kutunza daftari la vyeti na kuthibitisha kwa nchi nyingine au kwa kampuni zinapouliza, na kampuni makini huuliza. Ukikamatwa na cheti cha kughushi, hupotezi kazi moja tu. Unawachafulia vijana wote wanaobeba cheti cha nchi yako.

Ujifunze nini ukiwa kadeti

Meli nyingi zina desturi hii: thadi ofisa, yaani ofisa wa tatu, anashika zamu ya saa mbili hadi saa sita, asubuhi na usiku, na ndiye anayetunza vifaa vya uokoaji na zimamoto. Sekondi ofisa, yaani wa pili, anashika saa sita hadi saa kumi, naye ndiye mwenye chati (ramani za baharini) na mpango wa safari. Chifu anashika saa kumi hadi saa mbili, na mzigo wote pamoja na uthabiti wa meli ni mali yake. Omba kuzungushwa kwa wote watatu. Kadeti aliyekaa na thadi ofisa mwaka mzima atajua maboya ya kujiokolea yote yalipo na hatajua meli inapakiwaje.

Kwa sekondi ofisa, shiriki kutengeneza mpango wa safari kutoka gati hadi gati, kwa hatua zake nne: kutathmini, kupanga, kutekeleza, kufuatilia. Chukua mfano wa kuingia Kilindini, bandari ya Mombasa. Kwenye chati weka njia, weka maeneo ya hatari, andika kina kinachobaki chini ya meli wakati wa maji kupwa, andika mahali rubani, mwongozaji wa meli wa bandari, anapopanda na mahali ambapo ukishapita huwezi tena kugeuza. Pwani yetu iko kwenye mfumo wa maboya wa eneo A, kwa hiyo ukiingia kutoka baharini boya jekundu liwe kushoto kwako na la kijani kulia. Marekani ni kinyume, na swali hilo hupenda kuulizwa.

Kwa chifu, kaa naye wakati wa kupakia. Mweleze kwa maneno yako kwa nini hodhi lililojaa nusu ni hatari kuliko lililojaa pomoni. Maji yanayocheza ndani yanahamia upande meli inakolalia na kuila ile nguvu yake ya kujiinua. Ukilielewa hili kwa akili, fomula itakaa yenyewe. Watu wa mwambao hatuhitaji kukumbushwa umuhimu wake. Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejaza watu kupita uwezo wake, na familia nyingi hadi leo hazina kaburi la kuzuru. Ofisa wa sitaha ndiye mtu ambaye elimu yake inamwezesha kusema kabla ya kung'oa nanga kwamba meli hii haiendi.

Na andika saa zako za kupumzika kwa ukweli. Kiwango ni saa 10 kila saa 24, na saa 77 kila siku 7, na zile 10 zisigawanywe zaidi ya vipande viwili, kimoja kikiwa saa 6 au zaidi. Ofisa anayesinzia darajani ameshaacha kuwa ofisa.

Mtihani wa mdomo

Maandishi utayapita kwa kusoma: uongozaji wa meli, unajimu, hali ya hewa, mizigo, uthabiti, sheria. Wengi wanaangukia mdomo, na mdomo kwa sehemu kubwa ni Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za 1972.

Mtahini anaweka vimeli viwili vya mbao mezani. Anasema: usiku, hewa safi, uko darajani peke yako, unaona mbele upande wa kulia taa mbili nyeupe za mlingoti na taa nyekundu. Unafanya nini?

Aliyekariri anajibu haraka: Kanuni ya 15, mimi ndiye wa kupisha. Si uongo, lakini amekosa mtego wa kwanza. Usiku ofisa wa zamu haruhusiwi kuwa peke yake, lazima awe na mtu wa kuangaza, yaani wa kutazama na kusikiliza pande zote. Kwa hiyo jibu linaanza hivi: namwita mwangazaji wangu. Kisha: hiyo ni meli ya injini, naona ubavu wake wa kushoto, inakata mbele yangu kutoka kulia. Nachukua uelekeo wake kwa dira, nachukua tena, na tena. Kama uelekeo hauhami na masafa yanapungua, hatari ya kugongana ipo. Nageuza kulia mapema, kwa pembe kubwa ambayo mwenzangu ataiona, napiga honi mlio mmoja mfupi, napita nyuma yake, na siondoi macho mpaka iwe imepita na iko mbali. Nahodha namwita kama maagizo yake ya usiku yanavyosema, au wakati wowote nikiwa na shaka.

Sasa mtahini anaongeza neno moja: mvua. Mvua nzito ya masika, huoni kitu, ile meli unaiona kwenye rada tu. Hapa Kanuni ya 15 haipo tena, kwa sababu hamwonani kwa macho. Mnahamia Kanuni ya 19, ambamo hakuna mwenye haki ya kupita na hakuna wa kupisha, kila mmoja anawajibika. Unapunguza mwendo hadi ulio salama, unapiga ishara za ukungu, na unaepuka kugeuza kushoto kwa chombo kilicho mbele ya ubavu wako, isipokuwa kile unachokipita. Mtu akiendelea kusema "mimi napisha, yeye anaendelea" ndani ya mvua, mtahini anafunga daftari.

Jiandae na taa. Nyekundu mbili wima ni meli isiyoweza kuongozwa. Nyekundu, nyeupe, nyekundu ni meli iliyobanwa na kazi yake. Kijani juu ya nyeupe ni mvuvi wa kukokota nyavu, nyekundu juu ya nyeupe ni mvuvi wa namna nyingine, na nyeupe juu ya nyekundu ni rubani. Usisahau ngalawa. Chombo cha tanga chenye urefu chini ya mita 7 kinaweza kisiwe na taa za kawaida, kikawa na tochi au kandili tu ya kuwashwa kwa wakati ili kuzuia mgongano. Mlango wa bahari wa Unguja usiku una vyombo hivyo vingi, na rada huviona kwa shida. Kuviona ni kazi ya macho yako.

Zoea kujibu kwa sauti. Kaeni watu watatu, mmoja mtahini, mmoja mjibu, mmoja na kitabu mkononi akisahihisha. Kusoma kimya hakukuandai kwa mtu anayekutazama usoni na kusema "Endelea."

Kuomba cheti, na muhuri wa bendera

Ukifaulu, maombi yanapelekwa kwa mamlaka pamoja na cheti cha afya kilicho hai, vyeti vya kozi, kitabu cha baharia, hati za utumishi na kitabu cha mafunzo. Peleka nakala, onyesha halisi, na udai risiti ya kupokelewa.

Cheti kikitoka kisome neno kwa neno ukiwa bado pale dirishani: jina, tarehe ya kuzaliwa, kanuni iliyotajwa, GT, mipaka ya safari, tarehe ya kuisha. Herufi moja iliyopotea ni usumbufu mkubwa kwenye bandari ya ugenini.

Hata hivyo cheti cha Tanzania au Kenya hakikupi moja kwa moja ruhusa ya kuwa ofisa kwenye meli ya Panama au Liberia. Nchi ya bendera, yaani ile ambako meli imesajiliwa, lazima ikitambue na kukupa idhini yake juu ya cheti chako. Kwa kawaida kampuni ndiyo inayoshughulikia, na ukiwa na uthibitisho kuwa maombi yameshapelekwa unaweza kutumikia hadi miezi 3 ukiisubiri. Kabla ya kusaini mkataba uliza swali hili: bendera ya meli hii inatambua cheti cha nchi yangu? Kama hapana, utapanda kwa cheo cha chini au utaachwa uwanja wa ndege.

Kupanda ngazi

Kwa meli za GT 3,000 na zaidi, cheti cha chifu ofisa kinataka miezi isiyopungua 12 ukiwa ofisa wa zamu, pamoja na mafunzo ya ngazi ya uongozi na mtihani wake. Unahodha unataka miezi 36, inayoweza kupungua hadi 24 kama isiyopungua 12 kati ya hiyo umetumikia kama chifu. Kumbuka ni miezi ya melini. Mikataba miwili ya miezi 6 yenye likizo ya miezi 3 katikati inakula miezi 15 ya kalenda. Piga hesabu hiyo kabla ya kumwahidi mtu tarehe ya harusi.

Kuhuisha kila miaka 5

Cheti kinadumu miaka 5. Ili kihuishwe unatakiwa uwe na afya, na uthibitishe kuwa bado umo kazini. Njia ya kawaida ni miezi 12 ya utumishi ndani ya miaka hiyo 5, au miezi 3 ndani ya miezi 6 ya mwisho kabla ya kuhuisha. Zipo njia nyingine, kama kozi zilizoidhinishwa au kazi inayohesabika kuwa sawa na hiyo. Mafunzo ya kujiokoa na kuzima moto nayo lazima uthibitishe kila miaka 5 kwamba bado unayamudu, na sehemu yake hurudiwa nchi kavu, kwenye bwawa na kwenye uwanja wa moto.

Wanaoacha meli kwa muda, kwa kulea watoto, kuuguza mzazi au kufanya kazi bandarini, ndio wanaokuta cheti kimekufa kimyakimya. Andika tarehe zote za kuisha kwenye karatasi moja: CoC, cheti cha afya, GMDSS, kozi za usalama, pasipoti, kitabu cha baharia. Ile iliyo karibu kuliko zote ianze kushughulikiwa miezi 6 kabla, kwa sababu foleni ya kozi ikiwa ndefu na meli ikakuita ghafla, atapanda mwenzako.